Jirani na Madhabahu: Mchungaji Bruno Gutmann na Malezi ya Usharika Mlimani

Mgeni anayehudhuria ibada katika sharika za mlimani husikia, wakati wa matangazo, mitaa ikitajwa mmoja baada ya mwingine: mtaa gani una zamu ya usafi, jumuiya gani imefiwa, mzee gani wa kanisa apokee ahadi za watu wake. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba wengi hudhani Kanisa lilikuwa hivyo tangu mwanzo. Lakini desturi ya kumtambua Mkristo pamoja na jirani zake ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea Old Moshi, katika kazi ya mchungaji aliyetumia miaka mingi kutafakari jinsi Injili inavyokaa kati ya watu wanaoishi kihamba kwa kihamba.

Mwanzo wa kazi

Wamisionari wa kwanza Waprotestanti kukaa Moshi walikuwa Waanglikana wa CMS, waliofika mwaka 1885. Vita kati ya Wajerumani na watu wa Moshi viliharibu kazi yao, nao wakaondoka mwaka 1892. Mwaka uliofuata Misheni ya Leipzig ilianza Machame, na mwaka 1896 ikafungua kituo Kidia, Old Moshi. Nyakati zenyewe zilikuwa za uchungu. Tarehe 2 Machi 1900 serikali ya Kijerumani ilimnyonga Mangi Meli, na watu waliomlilia mangi wao ndio walioletewa habari njema na watu wa taifa lile lile lililomwua. Historia ya Kanisa mlimani haiwezi kusimuliwa kwa haki pasipo kukumbuka jambo hilo.

Katika mazingira hayo alikuja Bruno Gutmann, aliyezaliwa Dresden mwaka 1876. Alifika Kilimanjaro mwaka 1902, na sehemu kubwa ya utumishi wake aliifanya Old Moshi. Alijifunza Kichagga kwa bidii isiyo ya kawaida, hata akatafsiri Agano Jipya kwa Kimochi. Aliketi na wazee, akawauliza habari za sheria, misemo, sala na mafundisho yao, akaandika. Kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926, na kati ya 1932 na 1938 yalifuata majuzuu matatu ya mafundisho waliyopewa vijana jandoni, pamoja na yale yaliyofundishwa kwa mregho, kijiti chenye alama za kuchongwa. Vyuo vikuu vya Erlangen na Würzburg vilimtunukia shahada za heshima. Lakini hakuandika ili kupata sifa ya kitaalamu tu. Swali lake lilikuwa la kichungaji: mtu anapobatizwa, anabatizwa akiwa nani, na pamoja na nani?

Mafungamano matatu

Gutmann aliona kwamba maisha ya Mchagga yalishikiliwa na mafungamano matatu: ukoo, ujirani na rika. Ukoo ulimpa mtu jina na kihamba. Ujirani ulimpa maji, kwa maana mfongo unaoteremka kutoka msituni hauwezi kutunzwa na nyumba moja. Wote wanaonywa maji yake hutoka pamoja kuuzibua, na asiyetoka huulizwa. Rika lilimpa wenzake wa kuonyana nao na kusimama nao siku ya hatari. Palipokuwa na ugomvi, shauri liliamuliwa uwanjani mbele ya watu, na aliyekosa alipopeleka jani la isale kwa aliyemkosea, ilikuwa vigumu sana kumnyima msamaha.

Wako wamisionari walioona kwamba Mkristo ni sharti atengwe na hayo yote, ajengewe nyumba karibu na misheni na kuwa mtu mpya peke yake. Gutmann alikataa. Kwake, Mungu aliyemwumba mwanadamu ndiye aliyempa ndugu na jirani, na Injili haikuja kumfanya mtu yatima. Basi usharika wa Old Moshi aliulea kwa kufuata mafungamano hayo. Waumini waligawanywa kwa ujirani, kila sehemu na wazee wake, wenye kazi ya kujua nani mgonjwa, nani amegombana na mkewe, na nani hajaonekana kanisani. Vijana wa kipaimara waliunganishwa katika vikundi vidogo vilivyoitwa ngao, ili kila mmoja awe kinga ya mwenzake baada ya siku ya kipaimara kupita. Toba nayo haikuwa siri ya mtu na mchungaji peke yao, kwa sababu aliyeibiwa, aliyetukanwa na aliyeachwa walikuwa na sehemu katika upatanisho.

Mawazo haya aliyakusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1925 juu ya kujenga usharika kwa msingi wa Injili. Msomaji wa leo akikitazama chombo kiitwacho jumuiya, ambamo majirani husali nyumba kwa nyumba, atatambua kwamba wazo lake si geni mlimani.

Mipaka ya fundisho hilo

Hata hivyo heshima inayompasa mtumishi huyu haiondoi wajibu wa kupima mafundisho yake. Gutmann aliihofu fedha, mji na kazi ya mshahara, kwa kuwa aliona zinavyomtoa kijana katika mkono wa ukoo wake. Lakini Wachagga wenyewe hawakungoja ruhusa. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika Moshi, na kando ya stesheni ukakua mji mpya. Kahawa iliingia vihambani, na mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo wa Old Moshi. Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na chama cha ushirika cha KNCU. Gutmann aliyaogopa mabadiliko hayo kuwa yatavunja ujirani. Kumbe majirani wale wale waliozoea kutoka pamoja kwenye mfongo ndio waliojua kupeleka kahawa yao pamoja kwenye mizani. Ada ya shule iliyotokana na kahawa hiyo iliwasomesha walimu, wauguzi na wachungaji.

Kosa la pili ni zito zaidi. Aliyatukuza mafungamano ya kuzaliwa kana kwamba hayana dhambi ndani yake. Lakini ukoo unaompa mwana kihamba umeweza pia kumnyima binti, na kumwondoa mjane katika shamba alilolipalilia miaka thelathini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitamka wazi haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na bado wazee wa kanisa hukaa vikao virefu kusuluhisha mashauri ya namna hiyo. Aidha, Ujerumani ya miaka ya 1930 ilionyesha hatari ya damu na taifa vikifanywa kuwa kitu kitakatifu. Wapo waliohubiri kwamba taifa ni agizo la Mungu lisilohojiwa, na jirani Myahudi akakosa mtetezi. Ukoo ni zawadi ya Mungu, lakini si Mungu. Nao unahukumiwa na Msalaba kama kitu kingine chochote.

Jaribu la mwaka 1920

Mizani ya kupima kazi ya mchungaji ni yale yanayobaki akiondoka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani, na mwaka 1920 Gutmann akaondoka pamoja na wenzake. Wachache tu wasio raia wa Ujerumani waliruhusiwa kubaki. Hapakuwa na mchungaji hata mmoja Mchagga aliyebarikiwa. Waliokuwapo ni walimu wa shule na wazee. Hao ndio walioita watu ibadani, wakafundisha wabatizwa, wakazika wafu na kupatanisha nyumba zilizogombana, mpaka Walutheri wa Marekani kutoka Sinodi ya Augustana walipokuja kusaidia na Misheni ya Leipzig iliporejea katikati ya miaka ya 1920.

Hapo fundisho la ujirani lilithibitishwa, lakini kwa namna ambayo mwalimu wake hakuitegemea. Kanisa halikusimama kwa sababu mila ililindwa isiguswe. Lilisimama kwa sababu walikuwapo watu waliojua kusoma, wenye Neno mkononi, waliokaa kati ya jirani zao na kujulikana nao. Kitabu na ujirani vilikwenda pamoja.

Njia iliendelea kufunguka. Mwaka 1934 wachungaji wa kwanza Waafrika wa eneo hili walibarikiwa. Gutmann aliondoka mara ya mwisho mwaka 1938, na alifariki kwao mwaka 1966. Vita Kuu ya Pili viliwaondoa tena wamisionari Wajerumani, na safari hii Kanisa lilikuwa na wachungaji wake. Mwaka 1960 Stefano Moshi, mzaliwa wa Kotela, aliwekwa wakfu kuwa askofu, na tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, yeye ndiye aliyepewa kuliongoza.

Jirani wa leo

Usharika unaotimiza miaka mia moja hauna budi kujiuliza jirani yake ni nani sasa. Kihamba kilichomtosha babu kimegawanywa kwa wana na wajukuu hata hakigawanyiki tena. Vijana wako Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo. Hurudi Desemba, na nyumba nyingi nzuri za mlimani hukaa miezi kumi na moja na mlinzi peke yake. Mchango wa mazishi hutumwa kwa simu kabla mtumaji hajamaliza kuuliza aliyefariki ni nani. Mjini Moshi wapangaji wa nyumba moja hukaa mwaka mzima bila kujua majina, na mmoja wao aweza kulala na njaa nyuma ya ukuta ambao upande wake wa pili pana mzee wa kanisa.

Mwanasheria wa Luka 10 alitaka aambiwe mpaka wa ujirani, ili ajue wajibu wake unaishia wapi. Bwana hakumpa mpaka. Alimpa mfano wa mtu wa kabila lisilopendwa aliyesimama njiani. Hapo ndipo mfano huo unapolipita fundisho la Old Moshi. Ukoo, mtaa na rika humfundisha mtu kupenda, lakini hatakiwi kuishia hapo. Mpangaji aliyetoka mkoa mwingine, mfanyakazi wa ndani, kijana aliyerudi kutoka mjini mikono mitupu na kuona aibu kuingia kanisani, wote ni watu wa mtaa, hata kama majina yao hayamo katika daftari la zaka.

Kwa hiyo kazi ya wazee wa karne ya pili inafanana na ile ya wazee wa mwanzo: kujua nani mgonjwa, nani amegombana, nani hajaonekana. Kinachohitajika ni miguu iliyo tayari kutembea, na lango la kila nyumba kubishwa hodi. Mungu aliyewatia nguvu walimu na wazee wa mwaka 1920, walipobaki peke yao na kundi lake, na awajalie watumishi wa usharika huu moyo huo huo.