Kununua nyumba ndani ya lupango ya familia: karatasi iko kwa jina la nani?

Ku Kasongo mtu anaweza kununua nyumba na kubaki bila udongo ambao nyumba imesimama juu yake. Inatokea hivi: baba anakufa, anaacha lupango moja yenye nyumba tatu ao nne, kila mtoto anashika yake, kisha mmoja anakosa makuta na anauzisha. Mununuzi anapewa ufunguo na karatasi ya mauzo yenye sahihi ya shefu wa kartie. Anaona mambo yamekwisha.

Sheria inaona vingine. Tangu sheria ya tarehe 20 julai 1973, udongo wote wa Kongo ni wa Serikali. Raia anapata haki ya kuutumia tu: ao konsesyo ya milele, ambayo ni ya Mkongomani peke yake, ao konsesyo ya kawaida, ambayo kwa mwenye kujenga haipiti miaka 25 lakini inaweza kufanywa upya. Haki hiyo inajulikana kwa sertifika ya konservatere. Karatasi ya mauzo inashuhudia kwamba makuta yametoka, haigeuzi jina.

Na jina, mara nyingi, ni bado la marehemu. Hapo wariti wote wanapaswa kutia sahihi, pamoja na mabinti walioolewa mbali na watoto wa mama mwingine ambao marehemu aliwatambua, juu sheria ya familia ya 1987 inawapa watoto wote sehemu sawa. Mjane naye iko na haki ya kubaki ndani ya nyumba aliyoishi na bwana wake. Kwa kawaida mkubwa wao ndiye anasimamia uriti, lakini kusimamia si kuuzisha peke yake. Kaka akila makuta na dada akirudi toka Kindu kudai, mununuzi ndiye anabaki katikati.

Kisha kuna vitu vya wote. Huko Ulaya, anayenunua makao ndani ya ghorofa mara nyingi anakuta kampuni inayoangalia ngazi na paa, kila mmoja analipa. Ndani ya lupango hakuna msimamizi. Kuna choo kimoja, kisima kimoja, njia moja ya kutokea barabarani. Choo kikijaa, nani anachimba kingine? Wa mbele akifunga njia kwa mabati, wa nyuma atapita wapi? Hayo yaandikwe mbele ya kulipa: nani anatumia nini, kila nyumba inatoa kiasi gani, njia iko na upana wa metre ngapi. Watu wanaona haya kuyauliza, juu muuzishaji ni jirani.

Njia ya salama zaidi ni kugawa lupango kabisa: jeometre wa kadastre anapima, anaweka mawe ya mpaka, kila sehemu inapata namba yake. Inaomba makuta na uvumilivu. Wengine wanabakisha sehemu ya bei mpaka jina ligeuzwe, na wanafanya vizuri. Sertifika ikishatoka kwa jina la mununuzi na miaka 2 ikapita, kwa kawaida haiwezi kuvunjwa tena. Anayelalamika anaweza kudai malipo tu.