Nyara za Vita na Kichwa cha Mkwawa

Ninyi wa Temeke na Mbagala, nanyi wa Kinondoni na Magomeni, fungueni daftari zenu mwandike neno moja kwa herufi kubwa: NYARA.

Nyara ni kitu anachotwaa askari kwa adui yake vitani. Wazee wengine husema ngawira. Siku hizi tukisikia mtu "ametekwa nyara" twafikiri habari za majambazi, lakini neno lenyewe ni la vita. Leo tutauliza: askari aliyeshinda ana haki ya kuchukua nini?

Wengi wenu mkitoka Mwenge kwenda Tegeta hupita Kambi ya Lugalo. Jina hilo limetoka Uhehe, si mbali na Iringa. Huko Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliliangukia ghafula jeshi la Wadachi lililoongozwa na Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Zelewski aliuawa, na sehemu kubwa ya jeshi lake ikaangamia. Wahehe wakaokota bunduki karibu 300, pamoja na mizinga.

Je, huo ulikuwa wizi? Mimi nasema sivyo. Bunduki ile ilikuja kuwapiga wao. Ukimnyang'anya mtu panga alilokuinulia, hakuna baraza litakalokuhukumu.

Sasa tazameni upande wa pili. Wadachi walirudi, na mwaka 1894 waliivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa akaingia porini, akapigana nao karibu miaka minne. Serikali ikatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayempata. Mwezi wa Julai 1898 askari wa doria, wakiongozwa na sajini mmoja Mjerumani jina lake Merkl, walimfikia. Lakini hawakumkamata. Alikuwa amekwisha kujipiga risasi mwenyewe. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Iringa kwa mkuu wao, Kapteni Tom von Prince. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi.

Hapa mtu mwenye kupenda kubishana atasimama aseme: "Bwana Mwalimu, bila kichwa nani angeamini kwamba Mkwawa amekufa?" Ni swali la haki. Basi tulijibu pole pole. Kichwa kilipofika Iringa, watu waliomjua walikitazama na ushahidi ukawa umetimia. Kwa nini hakikurudishwa siku ya pili kwa wanawe, kizikwe pamoja na mwili? Kuanzia siku hiyo hakikuwa ushahidi tena. Kilikuwa nyara. Na bunduki iliyotekwa haiwezi kukupiga tena, hiyo ndiyo faida ya kuiteka. Bali maiti haimpigi mtu, na kichwa chake hakipunguzi nguvu za jeshi lolote. Kilichotwaliwa pale ni heshima ya watu waliobaki hai, wasiweze kumzika mkuu wao kama wazikavyo wengine.

Sheria haikuwa kimya wakati ule. Mwaka 1899, mwaka mmoja tu baada ya Mkwawa kufa, mataifa yalikutana Den Haag, Uholanzi, yakaandika kanuni za vita. Zilikataza uporaji. Zilisema mateka atanyang'anywa silaha, farasi na karatasi za kijeshi, lakini vitu vyake mwenyewe vitabaki kuwa vyake. Kanuni nzuri. Ila ziliwafunga wale waliotia sahihi wanapopigana wao kwa wao, na Mtwa wa Wahehe hakuna aliyemwalika Den Haag.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jambo likageuka. Katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, Ujerumani iliamriwa kulitoa fuvu la Sultani Mkwawa katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikapita, miaka ikapita, fuvu halikuonekana. Mwaka 1953 Gavana Twining alikwenda mwenyewe kulitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen. Likachaguliwa moja kwa kulipima na kuangalia tundu la risasi, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, yule yule aliyekuwa baadaye Spika wa Bunge letu. Gavana hakuja kwa wema mtupu. Kenya ilikuwa katika vita vya Mau Mau, na askari wa Kihehe walihitajiwa. Tena wako wataalamu wanaobisha kwamba fuvu lile ni lake hasa. Wahehe walilipokea. Limewekwa Kalenga hata leo.

Mzee mmoja wa darasa la Temeke aliniuliza: "Bwana Mwalimu, baba yangu alirudi kutoka Burma na upanga wa Mjapani. Niutupe?" Nilimjibu: "La, mzee wangu. Upanga ni silaha." Ingawa, kwa kanuni, silaha iliyotekwa ni mali ya serikali, si ya askari aliyeiokota. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba pamoja na upanga ulikuwako mfuko mdogo wenye picha ya mwanamke na mtoto. Hapo nami nilinyamaza. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 waagiza maiti walindwe wasiporwe, na vitu vyao vya ukumbusho vipelekwe kwa jamaa zao. Vita vya Burma vilikuwa vimekwisha mwaka 1945, lakini mtoto yule wa pichani huenda bado anaishi.

Huko Berlin, mwaka 2023, wachunguzi walitangaza habari za mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa zamani kutoka Afrika Mashariki. Karibu 200 yalitoka Tanzania. Kwa kupima mate ya watu wa Kilimanjaro walipata jamaa walio hai wa baadhi ya marehemu hao. Kichwa cha Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900, hakikuwa miongoni mwa yale yaliyotambuliwa. Watu wake walikuwa wametoa mate yao pia.

Kwa juma lijalo, kila mmoja aulize nyumbani kama kuna kitu kilichorudi na mtu kutoka vitani, Burma au Kagera, aje aandike mistari mitano: ni kitu gani, na kilikuwa cha nani.