Kusimamishwa, kufukuzwa, kupinduliwa: tofauti ni gani?

Kiongozi akiondoka kwenye kiti, huku Lulimba wengi wanasema tu: "Wamemutosha." Lakini njia za kumutosha mutu hazifanani.

Kusimamishwa: anawekwa pembeni kwa muda, mara nyingi uchunguzi ufanyike. Anaweza kurudi.

Kufukuzwa: mwenye mamlaka anamuondoa kabisa. Tarehe 5 Septemba 1960, Rais Kasa-Vubu alitangaza kwenye redio kwamba amemufukuza Waziri Mkuu Lumumba. Lumumba alikataa.

Kuangushwa: wabunge wanapiga kura. Kwa serikali nzima, Katiba ya 2006 inaomba sahihi za robo ya wabunge, kisha kungoja saa 48. Tarehe 27 Januari 2021, wabunge 367 waliangusha serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba.

Kujiuzulu: anatoa barua mwenyewe, hata kama amesukumwa. Ilunga aliitoa siku mbili baadaye.

Kupinduliwa: jeshi linachukua utawala kwa nguvu, kama Mobutu tarehe 24 Novemba 1965.

Basi ukisikia mukubwa "ametoshwa", uliza kwanza: nani amemutosha, na kwa barua gani? Aliyesimamishwa hajahukumiwa bado. Na kabla ya kulipa kodi ao kupeleka karatasi isainiwe, ujue nani ana haki ya kushika muhuri leo.