Dola Lisilo na Dini na Uso wa Mpita Njia: Hoja Dhidi ya Marufuku ya Nikabu Ufaransa

Sheria namba 2010-1192, iliyotolewa nchini Ufaransa tarehe 11 Oktoba 2010 na kuanza kutumika tarehe 11 Aprili 2011, ni fupi mno kwa kelele iliyozua. Inamkataza mtu yeyote kuvaa, mahali pa hadhara, vazi lililokusudiwa kuficha uso. Anayekaidi hutozwa faini isiyozidi yuro 150, au huamriwa kuhudhuria mafunzo ya uraia, au vyote viwili. Vinavyovaliwa kwa sababu za afya, kazi, michezo au sherehe za jadi vimesamehewa, na helmeti ya pikipiki pia. Neno nikabu halimo, Uislamu haumo, dini yenyewe haitajwi. Hata hivyo, kati ya wabunge 335 walioiunga mkono katika Bunge la Taifa na maseneta 246 waliofuata (kila chumba kilikuwa na mpinzani mmoja tu), sidhani yupo ambaye hakujua aliyelengwa ni nani. Tangu hapo imekuwa desturi, ndani na nje ya Ufaransa, kuisifu au kuilaani sheria hii kama zao la usekula. Makala hii inapinga sifa na laana hizo kwa pamoja. Usekula ni sharti linalolifunga dola, si raia anayejipitia njiani. Marufuku ya nikabu barabarani haikuzaliwa nao, na kwa kipimo cha waasisi wa usekula wenyewe inakwenda kinyume chake.

Waasisi hao waliulizwa swali hilihili, na jibu lao limehifadhiwa katika kumbukumbu za bunge. Mwanzoni mwa karne ya 20 vazi la dini lililowachoma roho wanasiasa wa mrengo wa kushoto lilikuwa kanzu ya padri. Mwaka 1900 Eugène Thomas, meya wa Kremlin-Bicêtre, mji uliopakana na Paris, aliipiga marufuku katika mitaa yake. Juni 1905, bunge lilipokuwa likijadili sheria ya kutenganisha makanisa na dola, mbunge Charles Chabert wa jimbo la Drôme alileta pendekezo la kuieneza marufuku hiyo nchi nzima. Hoja zake zinafanana ajabu na zile zilizokuja kusikika karne moja baadaye: kwamba vazi lile linamtenga padri na wenzake, linamtia utii mpaka katika mwendo na fikra zake, na kwamba kumvua ni kumkomboa. Aliyesimama kumjibu ni Aristide Briand, aliyeiwakilisha bungeni kamati iliyoiandaa sheria, mtu ambaye hakuna aliyeweza kumshuku kuwa anatumwa na Kanisa. Alieleza kwamba sheria inayokusudia kuweka utaratibu wa uhuru haiwezi kuwaamuru watu wabadili nguo bila kujitia aibu ya kutovumilia, na hata kuchekwa. Baada ya utengano, machoni pa dola, kanzu ingekuwa nguo kama nguo nyingine. Akaongeza kwa kejeli kwamba ikikatazwa, mapadri na mafundi cherehani hawatakawia kubuni vazi jingine la kumtambulisha padri. Pendekezo likaangushwa kwa kura nyingi.

Msomaji wa Tanzania hatapata shida kuielewa mantiki ya Briand, kwa kuwa Katiba ya Jamhuri ya Muungano huitangaza nchi kuwa isiyokuwa na dini, na kauli ya kisiasa iliyoenea nchini ni kwamba serikali haina dini, wenye dini ni wananchi. Wajibu wa kutoegemea upande wowote humwangukia anayetenda kwa jina la dola. Karani wa manispaa ya Ufaransa, polisi na mwalimu wa shule ya serikali hawaruhusiwi kuonyesha dini zao wakiwa kazini, kwani anayewaendea anapaswa kukutana na jamhuri, wala si na muumini. Sheria ya tarehe 15 Machi 2004 iliusogeza mpaka huo hadi kwa wanafunzi wa shule za serikali. Uamuzi huo unabishaniwa mpaka leo, lakini angalau ulihusu taasisi ya dola na watoto waliokabidhiwa kwake. Sheria ya 2010 haikusogeza mpaka, iliufuta. Mahali pa hadhara, kwa tafsiri yake, ni barabara, duka, sinema, benki, kituo cha treni. Mahali ambapo mwanamke si mtumishi wa mtu yeyote.

Ramani ya Ufaransa nayo inatoa ushahidi wake. Katika eneo la Alsace na Moselle sheria ya utengano ya 1905 haitumiki hadi leo: mapadri, wachungaji na marabi hulipwa mishahara na dola kwa utaratibu unaotokana na mapatano ya Napoléon na Papa ya mwaka 1801. Haitumiki pia Mayotte, kisiwa ambacho wenyewe hukiita Maore, ambako wakazi walio wengi ni Waislamu na makadhi hulipwa na halmashauri ya jimbo. Wanawake wa huko hutembea mitaani wamejipaka liwa usoni, urembo ambao watu wa mwambao wetu wanaufahamu vizuri. Marufuku ya kuficha uso, hata hivyo, inatumika Strasbourg huko Alsace na inatumika Mamoudzou huko Mayotte sawasawa na Paris. Kama usekula ndio mzizi wake, basi ni ajabu kwamba shina limestawi hata pale ambapo mzizi haukupandwa.

Ndiyo maana sababu zilizotolewa kuitetea zilibadilika kila zilipokaguliwa. Tarehe 22 Juni 2009, akiwahutubia wabunge na maseneta huko Versailles, Rais Nicolas Sarkozy alisema vazi hilo si suala la dini, ni suala la uhuru na utu wa mwanamke. Kamati ya bunge iliyoongozwa na André Gerin, mkomunisti, ilitoa ripoti Januari 2010 ikinukuu makadirio ya Wizara ya Mambo ya Ndani: wanawake wapatao 1,900 walikuwa wakivaa nikabu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 60. Tisa katika kila kumi walikuwa chini ya miaka 40, wawili katika kila watatu walikuwa raia wa Ufaransa, na mmoja katika kila wanne alikuwa amesilimu. Machi 2010 Baraza la Dola, mshauri mkuu wa serikali kwa mambo ya sheria, lilionya kwamba marufuku ya jumla haina msingi imara wa kisheria, na likaondoa waziwazi usekula katika orodha ya misingi inayofaa. Serikali ikaendelea. Mwaka 2014, katika kesi ya S.A.S. dhidi ya Ufaransa, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilizipima hoja moja baada ya nyingine. Usalama haukutosha kuhalalisha katazo la kila mahali na kila wakati. Usawa wa jinsia haukukubaliwa, kwa kuwa dola haliwezi kuutumia dhidi ya wanawake wanaotetea vazi lao wenyewe kama sehemu ya haki zao. Utu ukakataliwa pia. Iliyosalia ni moja: kwamba uso una nafasi ya pekee katika kuishi pamoja, na anayeuficha anawanyima wengine haki ya kuishi katika mazingira yanayorahisisha mahusiano. Kwa uzi huo mmoja sheria ilinusurika, majaji wawili kati ya 17 wakipinga.

Hoja hii ya kuishi pamoja haipaswi kudharauliwa. Ni kweli kwamba tunasomana nyusoni, na anayezungumza na macho tu huhisi amepewa nusu ya mazungumzo. Tofauti kati ya kanzu ya padri na nikabu iko hapo, na anayemtumia Briand bila kuikiri hatendi haki. Lakini haki ya kuona uso wa mtu usiyemjua, asiyekudai wala usiyemdai, inatoka wapi? Majaji wale wawili, kutoka Ujerumani na Sweden, waliuliza jambo la maana zaidi: je, mtu hana haki ya kutoingia katika mawasiliano na wengine mahali pa hadhara, ya kubaki nje ya mazungumzo? Adabu inaweza kumtaka mtu aitikie salamu, sheria ya faini haiwezi. Kisha ukaja mwaka 2020. Kuanzia tarehe 11 Mei, kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, barakoa ikawa lazima katika usafiri wa umma Ufaransa nzima, na baadaye madukani na katika mitaa ya miji mingi. Abiria wa treni ya chini ya ardhi aliweza kutozwa faini kwa kuonyesha pua na mdomo, huku sheria ya 2010 ikiendelea kumtoza faini jirani yake kwa kuvificha kwa sababu ya dini. Watajibu kwamba ile ilikuwa dharura, na kweli ilikuwa. Silinganishi gonjwa na ibada. Ninachosema ni kwamba dai lililoibeba sheria, kwamba bila kuonana uso jamii haiwezi kushikamana, lilijaribiwa kwa miezi mingi na mamilioni ya watu, nao waliendelea kununua mikate, kufundishana, kugombana na kusaidiana.

Pingamizi zito zaidi ni la kulazimishwa. Wapo wanawake wanaofunikwa na waume, baba au kaka zao, na hakuna hoja ya uhuru inayoweza kuwapuuza. Sheria yenyewe iliwafikiria: kifungu cha nne kinamtishia anayemlazimisha mwingine kuficha uso kwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya yuro 30,000, na adhabu huongezeka maradufu anayelazimishwa akiwa mtoto. Sina neno na kifungu hicho. Tatizo ni kifungu cha tatu, ambacho humtoza faini mvaaji bila kuuliza kama alilazimishwa. Akiwa ameshurutishwa, dola linamwadhibu aliyekwisha kudhulumiwa. Akiwa amechagua, linamwadhibu kwa uchaguzi wake. Katika hali zote mbili mwenye kulipa ni mwanamke, au pengine mfanyabiashara Rachid Nekkaz, aliyeanzisha mfuko wa kuwalipia wanawake faini hizo na kuufanya ukali wa sheria kuwa mzaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na taasisi ya Open Society, uliowahoji wanawake 32 wa Ufaransa waliovaa nikabu, ulikuta kwamba karibu wote walisema wameamua wenyewe, mara nyingi familia zao zikiwapinga. Idadi hiyo ni ndogo, na aliyefungiwa ndani hapatikani kirahisi kuhojiwa, nakubali. Lakini udhaifu huohuo unawabana zaidi wanaounga mkono marufuku, kwa sababu anayefungiwa ndani hakutani na polisi wa barabarani. Mume mkali anayeambiwa mkewe hawezi kutoka na nikabu ana njia nyepesi ya kutii sheria: asitoke kabisa.

Kuhusu usalama, Afrika inatoa mfano ulio mzito kuliko wa Ulaya. Chad ilipiga marufuku vazi hilo Juni 2015 baada ya mashambulizi ya kujitoa mhanga N'Djamena, na mwezi uliofuata mwanamume aliyejificha ndani ya vazi la kike alijilipua katika soko kuu la mji huo. Mbele ya hatari ya namna hiyo, katazo la muda katika eneo husika linaweza kutetewa. Ufaransa ya 2010 haikudai hatari ya aina hiyo, na polisi wake walikuwa tayari na uwezo wa kumtaka mtu athibitishe utambulisho wake palipo na sababu. Wala wingi wa kura bungeni si jibu, kwa kuwa uhuru wa dhamiri uliandikwa katika sheria kwa ajili ya watu 1,900, haukuandikwa kwa ajili ya wale mamilioni ambao hakuna aliyewasumbua. Oktoba 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika mashauri ya wanawake wawili waliotozwa faini, ilitangaza uamuzi wake kwamba Ufaransa ilikiuka uhuru wao wa dini na kuwabagua, na ikaipa siku 180 kueleza hatua itakazochukua. Serikali haikubadili kitu.

Dola lisilo na dini lina haki ya kuona uso wa mwanamke anapochukua pasipoti, anapoingia chumba cha mtihani, anapopiga kura, na anapopokea mtoto shuleni. Haki hiyo inatokana na shughuli mahususi, na inakwisha shughuli inapokwisha. Bunge la Ufaransa lingeweza kuirekebisha sheria yake kwa kikao kimoja: vifungu vitatu vya mwanzo vifutwe, cha nne kibaki.