Uvimbe kwa Shingo? Altrasaundi Inaona Hivi

Kibera ukitaja altrasaundi, kila msee anadhani kuna mtoto njiani. Zii. Hiyo mashine pia inasoma shingo.

Inacheki nini?
Tezi ya thairoidi. Iko mbele ya koo, shepu ya kipepeo, na homoni zake ndizo hupangia mwili spidi. Ikivimba, mashosho huita goita. Kukosa iodini ni sababu moja, ndio maana chumvi ya Kenya huwekwa iodini kwa sheria.

Inafanya aje?
Unalala chali, unapakwa jeli baridi, kifaa kinapitishwa shingoni. Kinatuma sauti ambayo sikio halishiki. Inagonga nyama, inarudi, inageuzwa picha. Hakuna miale, hakuna uchungu.

Uvimbe wa maji tupu huonekana mweusi ti, na hiyo kawaida si noma. Uvimbe mgumu, wenye kingo zisizo sawa, vidoti vyeupe vidogo, ama uliosimama wima badala ya kulala: hapo daktari anakaa macho. Mfumo wa TI-RADS, toleo la Marekani la 2017, huupanga kutoka 1 (poa) hadi 5 (shaka kubwa).

Ni kansa?
Mara nyingi zii. Na picha pekee haithibitishi: ikileta shaka, seli hutolewa kwa sindano nyembamba zikapimwe maabara.

Basi usifiche shingo na skafu. Anzia kliniki ya mtaa, uliza rufaa ya Mbagathi ama Kenyatta, zote jirani. Kumeza kukiwa shida ama sauti ikikwaruza wiki kadhaa, usingoje.