Maabara ya Wasiotaka Kuwa Wanasayansi

Ukilitaja neno maabara mbele ya watu wa rika langu, wengi watakuambia kwamba hicho ni chumba cha madaktari watarajiwa. Ni chumba chenye kufuli na harufu ya dawa ya kuhifadhia vyura, ambamo huingia wale vijana wachache waliojaliwa vichwa vya hesabu. Sisi wengine, tuliopenda historia, Kiswahili na siasa, tulizoea kupita nje ya madirisha yake. Katika sura hii nataka kuonyesha kwamba fikra hiyo inapingana na historia ya maabara yenyewe, na kwamba imetugharimu, hasa sisi tunaoishi mbali na miji.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1871, mjini London, mtaalamu wa viumbe aliyeitwa Thomas Henry Huxley aliendesha kozi ya majira ya kiangazi. Waliohudhuria walikuwa walimu wa shule. Walitoka katika shule za kawaida, walirudi katika shule za kawaida, na wengi wao hawakuwa na nia ya kuwa mabingwa wa sayansi. Huxley aliwaambia waache kwanza kusoma juu ya viumbe, wavitazame viumbe wenyewe. Asubuhi waliisikiliza mihadhara, kisha wakakaa mezani na kukata, kukuza, kuchora na kuuliza. Mwaka 1875, yeye na msaidizi wake Henry Newell Martin walichapisha kitabu cha mafunzo hayo ya vitendo. Mwaka uliofuata Martin alikwenda kufundisha Baltimore, Marekani, na namna hiyo ya kufundisha ikavuka bahari pamoja naye. Hivyo basi, mafunzo ya baiolojia kwa vitendo yalipata umbo lake katika kozi ya walimu, na hapo ndipo yalipoenea.

Jambo jingine linanifurahisha katika kozi ile. Kitabu chao hakikuanza na moyo wa binadamu wala ubongo wa nyani. Kilianza na hamira, kiumbe kidogo mno kinachoumua mkate na kuchachua pombe. Ninaposoma hivyo naona kwamba hata bibi zetu wa Kagera wangeweza kukaa katika darasa lile bila kuona haya. Anayetengeneza pombe ya ndizi hujua kwamba juisi iliyokamuliwa na kutiwa unga wa mtama uliokaangwa haiwi pombe kwa wakati mmoja siku zote. Siku za baridi huchelewa, siku za joto huwahi. Hujua kwamba mtumbwi au chombo kilichotumika jana huharakisha kazi. Huyo tayari anafanya majaribio. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha kilichomo ndani ya lile povu.

Huko Marekani wazo hilo liliendelea. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vyuo vikuu vingi viliamua kwamba hata mwanafunzi wa historia, wa biashara au wa uchoraji asihitimu bila kupita katika somo la sayansi, na mara nyingi somo hilo lilikuwa na saa zake za maabara. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Raia atapiga kura, atalea watoto, atanunua dawa, na atasikia maneno mengi ya kitaalamu. Asipowahi hata mara moja kuona jinsi ukweli wa kitaalamu unavyopatikana, atamwamini yeyote mwenye sauti kubwa.

Sasa turudi kwetu. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunaukumbuka kwa majembe na mashamba ya shule, lakini ulisema pia kwamba mtoto afundishwe kuwa na akili yenye kudadisi. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na ikabidi yatafutwe maneno. Darubini lilikuwa neno la kale la chombo cha kuonea mbali, likazaa ndugu yake hadubini, chombo cha kuonea vidogo. Kazi ya kukusanya na kusanifu maneno hayo iliendelea kwa miaka mingi, hata mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia.

Wakati huohuo ulikuwapo mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, ulioanzishwa mwaka 1965 katika mkutano wa Kano, Nigeria. Tanzania, Kenya na Uganda zilishiriki. Wataalamu wake walisema kwamba mtoto wa Afrika hana haja ya kusubiri vyombo kutoka Ulaya. Achukue maharage, sisimizi, matone ya maji, au yule mdudu anayechimba kishimo katika mchanga mkavu na kuvizia chini yake. Mwalimu asimwambie mtoto jibu, bali amsaidie amuulize mdudu mwenyewe.

Mimi nilisoma ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chuoni kwetu kila mwanachuo alijiandaa kufundisha masomo yote ya shule ya msingi, kwa hiyo hata sisi wapenzi wa historia tulilazimika kuingia maabara. Hadubini zilikuwa mbili kwa darasa zima. Hazikutumia umeme. Zilikuwa na kioo kidogo chini, nawe ulikigeuza taratibu mpaka kidake mwanga wa jua. Siku ya mawingu somo liliahirishwa. Tuliotesha maharage katika pamba, tukaacha ugali ulale hadi uote ukungu, tukachota maji ya bwawa na kuyatazama tone kwa tone.

Mkufunzi wetu alikuwa na swali moja aliloliuliza mpaka tukamtungia jina la utani kwalo: "Umejuaje?" Ukisema mmea unahitaji mwanga, atauliza umejuaje. Ukisema kitabu kimesema, atauliza mwandishi wa kitabu naye alijuaje. Siku moja mwenzetu mmoja alichora amiba nzuri sana, yenye kiini na kila kitu. Mkufunzi akainama kwenye hadubini, akaona kiputo cha hewa tu. Akamwambia kwa upole, "Ndugu, umechora kitabu. Hukuchora maji." Darasa zima lilicheka. Lakini somo hilo la kuchora unachokiona, badala ya kile unachotarajiwa kukiona, lilinifaa katika historia kuliko kitabu chochote cha historia.

Kisha yalikuja mambo makubwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote waingie shule upesi, na elimu kwa wote ikatimizwa mwishoni mwa mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, redio na semina, na zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Siwabezi hata kidogo. Bila wao vijiji vingi visingekuwa na shule, na baadhi yao ni walimu bora niliowahi kufanya nao kazi. Lakini hadubini haiwezi kusafiri kwa redio. Mafunzo ya vitendo ndiyo yaliyopungua kwanza, na katika shule nyingi sayansi ikawa somo la kunakili ubaoni. Hata sekondari, kwa miaka mingi, shule zisizo na maabara ziliruhusiwa kufanya mtihani wa karatasi badala ya mtihani wa vitendo. Mtoto alieleza kwa maandishi jambo ambalo mikono yake haikuwahi kuligusa.

Msomaji anaweza kuuliza, hasara iko wapi? Mkulima wa Ngara ana haja gani na amiba? Nitajibu kwa mambo matatu yaliyopita karibu na milango yetu.

Tarehe 28 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya yetu ya Ngara kwa muda wa takriban siku moja. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko mji wowote tuliowahi kuuona. Kuni zikaisha, maji yakawa shida, na magonjwa ya kuhara yakawa hofu ya kila siku kwa wageni na wenyeji. Wakati ule niliona jinsi watu wazima wenye akili timamu walivyoyaamini maji kwa sababu tu ni maangavu. Aliyewahi kutazama tone angavu chini ya hadubini na kuona vinavyoogelea humo hahitaji kuhubiriwa mara mbili juu ya kuchemsha maji.

La pili ni mnyauko wa migomba. Ugonjwa huu unaletwa na bakteria. Ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa mkoani Kagera, wilayani Muleba. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zina rangi ya kutu. Wadudu huueneza kupitia ua dume la mgomba, na sisi wenyewe tunaueneza kwa visu na mapanga. Mabwana shamba walishauri ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, mgomba mgonjwa uondolewe, na kisu kipitishwe motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Hapa Murukulazo mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kisu changu nimekiosha kinang'aa. Moto wa nini tena?" Nikamwambia, "Mzee wangu, swali lako ni zuri kuliko jibu langu, twende tukalijaribu." Tulichukua vipande vya kiazi kilichochemshwa. Kimoja tukakigusa kwa kisu kilichooshwa, kingine kwa kisu kilichopitishwa motoni kikapoa, tukavifunika kila kimoja chini ya glasi safi. Baada ya siku chache cha kwanza kilikuwa na madoa, cha pili kilibaki karibu kama kilivyokuwa. Mzee hakuridhika, akasema huenda ni bahati. Alikuwa na haki. Tukarudia mara tatu. Mara moja vyote viwili vilioza, mara mbili kikaoza cha kisu cha maji. Tangu hapo yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha jirani zake.

La tatu ni zito zaidi. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera, katika wilaya ya Bukoba. Watu tisa walihesabiwa kuugua na sita wakafariki. Kisha tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba umethibitishwa Biharamulo, kwa majirani zetu. Waliohesabiwa walikuwa kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, nao wote walifariki. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi mwaka huohuo.

Katika majuma yale maswali yalikuwa mengi kuliko majibu. Wengine walisema ni uchawi, wengine walisema popo wote wateketezwe. Hadubini ya shule haiwezi kuonyesha kirusi, kwa kuwa ni kidogo mno kwa chombo hicho, na ni vema mtu ajue mpaka wa macho yake. Lakini swali la mkufunzi wangu lilikuwa bado na kazi. Umejuaje kwamba ni popo? Watafiti waliwakamata popo wanaokula matunda katika mapango ya Uganda, wakawapima, wakakikuta kirusi. Je, kuwaua kutasaidia? Katika mgodi wa Kitaka, Uganda, wachimbaji waliwaangamiza popo baada ya watu kuugua mwaka 2007. Popo waliporudi miaka michache baadaye, sehemu ya walioambukizwa miongoni mwao ilikuwa kubwa kuliko mwanzo. Basi lililo salama ni kukaa mbali na mapango yao, na kutomshika mgonjwa wala maiti bila kinga. Mtu aliyefundishwa kuuliza na kuhesabu atauelewa ushauri huu. Aliyefundishwa kunakili atausikia kama amri nyingine ya serikali, na amri tumezizoea.

Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari iwe na maabara, na wananchi nchi nzima wakachangishwa. Waliuza kuku, wakabeba mawe na mchanga. Ni jambo la kujivunia. Lakini wazazi wangapi waliochangia tofali wamewahi kuingia ndani na kuinamia hadubini? Tulijenga nyumba ambayo sisi wenyewe hatukukaribishwa.

Ombi langu kwa walimu wakuu wenzangu walio bado kazini ni dogo. Mara moja kwa muhula, Jumamosi, fungueni maabara kwa wazazi. Wekeni maji ya kisima, povu la pombe ya ndizi na kipande cha mgomba mgonjwa, kisha mwacheni kila mtu atazame kwa zamu. Na ombi langu kwa vyuo vya ualimu ni kwamba asihitimu mwalimu wa historia, wa lugha wala wa michezo ambaye hajawahi kuulizwa umejuaje mbele ya kitu hai. Mabingwa wa sayansi watatafuta maabara popote walipo. Wanaohitaji kukaribishwa ni sisi wengine, kwa sababu ugonjwa unapoingia kijijini, mtu wa kwanza kuulizwa mara nyingi huwa ni mwalimu, wala haulizwi alisomea somo gani.