Jina la Ugonjwa na Chanzo Chake: Chikungunya na Sumukuvu

Epidemiolojia ni neno lenye asili ya Kiyunani: epi, "juu ya", demos, "watu", na logos, "maelezo". Ni elimu, basi, ya yale yanayowafika watu. Tabibu humtazama mgonjwa aliye mbele yake. Elimu hii huutazama umma mzima, wagonjwa na wasiougua, ikauliza: ni nani walioshikwa, wapi, lini, na kwa nini hao wala si wengine? Kusudi lake si kujua tu, bali ni kuzuia.

Lugha zetu nazo zina uchunguzi wake. Mwaka 1952 homa yenye maumivu makali ya viungo ilizuka Newala, kusini mwa Tanganyika. Jina lake, chikungunya, ni la Kimakonde, kwa kuwa ilimkunja mgonjwa. Jina hilo, lililoingia katika utabibu wa ulimwengu kwa maandishi ya Marion Robinson na ya W. H. R. Lumsden ya mwaka 1955, laeleza vema umbo la mgonjwa, lakini halimtaji mbu aenezaye virusi. Jina la dalili ni mlango wa uchunguzi, si mwisho wake.

Jambo hili lilidhihirika huku Dodoma mwaka 2016. Katika wilaya za Chemba na Kondoa, kaskazini ya Miyuji, na katika mkoa jirani wa Manyara, watu walitapika, macho yakawa manjano, matumbo na miguu ikavimba. Walihesabiwa wagonjwa 68, wakafa 20, yaani takriban 3 katika kila 10.  Umanjano wa macho huonekana katika maradhi mengi ya ini. Dalili peke yake haikutosha. Kwa hiyo wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa na wenzao wasiougua. Tofauti ikaonekana katika chakula: mahindi ya shamba la nyumbani, yaliyoota kuvu na kujaa aflatoksini. Akiba iliyowekwa iwaponye watu na njaa ndiyo iliyowaua. Wala hapakuwa na kuambukizana; tena hapa twaona ya kuwa epidemiolojia si elimu ya maambukizo peke yake.

Kwa sumu hiyo Kiswahili kina neno sumukuvu, lililoundwa kwa kuunganisha sumu na kuvu. Kinyume cha chikungunya, neno hili lataja chanzo, na kwa kukitaja laelekeza kwenye kinga: mahindi yakaushwe barabara, yaanikwe juu ya turubai pasipo kugusa udongo, yawekwe mahali pakavu, na yaliyoota kuvu yatengwe. Mkulima asikiaye "aflatoksini" husikia mlio tu; asikiaye "sumukuvu" aweza kwenda kukitazama kihenge chake. Hapo ndipo kazi ya mwanalugha inapokutana na ya tabibu, kwa maana hatari isiyo na jina lieleweklo ni vigumu kuiepuka.